Futi Mbili za Mukomari

Karakana ya Mzee Harnam,
Kibomet, Kitale.
Jumatano, 11 Juni 2025.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote walio hapa. Natumaini barua hii inakukuta umeketi nje kwenye jua la asubuhi, umekunywa uji, na dawa umezimeza kweli, si kuzificha chini ya mto kama Joy alivyoniambia. Sisi hapa ni wazima. Watoto wanaenda shule, mama yao anakusalimu sana na anauliza kama kikohozi kimepungua tangu utoke hospitali kule Bungoma. Mvua imenyesha vizuri. Mahindi ya huku yamefika magotini, na nasikia ya huko nyumbani Ndalu yamepita kiuno, lakini hayo niliyapata kwa Ngige, na Ngige unamjua, kwake kila kitu kimepita kiuno.

Joy, dada yangu, najua ni wewe unayesoma. Soma polepole na usiruke mahali. Ukifika kwenye maneno mabaya usianze kukohoa-kohoa na kusema ati mwandiko hausomeki. Unasomeka, nimenunua kalamu mpya kwa ajili ya kazi hii.

Mama, utajiuliza kwa nini nimeandika na simu iko. Simu nimejaribu. Wiki iliyopita nilikupigia mara tatu, na mara zote tatu nikakuuliza habari ya kuku. Halafu wewe ukiudhika unakata, unampa Joy simu aizime, mtu anabaki akiongea peke yake kama mlevi. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utataka kwanza kusikia inaishia wapi.

Nilipata ujumbe wako juu ya lile gogo. Joy alinieleza kila neno: kwamba tangu ulazwe mwezi wa Aprili umeona wakati umefika, nipasue mbao za ule mti wa mukomari wa Baba, nitengeneze “ile kitu”, niilete nyumbani iwekwe stoo ungali unaiona kwa macho yako. Wewe hutaki kuitaja, basi nitaitaja mimi: jeneza. Ulisema pia usije ukaona kiungo hata kimoja. Nimesikia, na sababu yake sijaisahau. Baba tulimzika ndani ya vipande vya mikaratusi vilivyoungwaungwa, kwa kuwa mwaka ule hatukuwa na kitu, na ulisimama pale kando ya kaburi ukivionyesha viungo kwa kidole, kimoja kimoja, mbele ya pasta. Siku hiyo ulituapia kwamba wewe utalala katika mbao nzima kutoka kichwani hadi miguuni, na mbao hizo zitatoka kwenye mti alioupanda yeye mwaka mlipohamia Ndalu. Miaka miwili baadaye ukaukatisha. Ukaniletea gogo wewe mwenyewe hadi hapa Kibomet, umelikalia juu ya trela kama malkia, futi saba kamili. Nikalipokea na nikakuahidi.

Jibu lako liko ndani ya barua hii, lakini lazima nianzie kwa mti mwingine. Nivumilie kidogo.

Unaukumbuka mukomari mkubwa wa Kitale, ule wa karibu na reli, wenye picha kwenye nembo ya mji na kwenye beji za sweta za watoto. Mwaka jana mwezi wa tatu upepo uliuangusha. Ulianguka asubuhi kweupe, haukuumiza mtu, ukabomoa tu kibanda cha viatu cha Jepkorir, ambaye hata sasa anaeleza habari hiyo kana kwamba mti ulimwamkia kwanza kwa jina. Watu walifurika. Wazee walivua kofia. Mimi nilienda kutazama mbao, sitakudanganya, fundi haoni mti, anaona meza na vitanda.

Wakubwa wa mji wakasema haifai tubaki na picha tu kwenye sweta. Wakati huo walikuwa wanatengeneza nyumba ya makumbusho ya mji, si ile kubwa mliyoitembelea na akina mama wa kanisa, hii ni mpya na ndogo, iko ndani ya ghala la zamani la mahindi. Anayeisimamia anaitwa Madam Deepika, binti ya Savitri wa duka la vitambaa. Huyo dada ana macho makali na haketi. Alitaka ukuta mzima uwe wa mti: picha za zamani, maneno ya watu waliopumzika chini yake, na katikati kipande cha gogo lenyewe, mduara mzima, kimesuguliwa hadi kinang'aa, kimechomekwa pini za kuonyesha miaka. Kazi ya kukata na kukausha kipande ilikuja kwa Mzee Harnam, na kwa vile mikono yake siku hizi inatetemeka, akaniachia mimi. Jina langu likaandikwa kwenye karatasi ya kamati ya makumbusho, “Fundi Mukhisa”. Niliionyesha karatasi hiyo mpaka kwa muuza mandazi.

Sasa sikiliza jambo la kazi yetu. Mti mbichi ukiukata mduara, ukingo wake unakauka haraka kuliko moyo, na unapokauka unajivuta. Usipoangalia unapasuka. Mzee Harnam alinifundisha hivi: upake pande zote mbili samadi ya ng'ombe au rangi ya zamani, uulaze kivulini chini ya magunia, uugeuze kila wiki, na uusahau kwa mwaka mmoja na nusu. Hakuna njia ya mkato. Nilifanya hivyo kuanzia mwezi wa tatu hadi Novemba, kila Jumamosi nageuza, na kipande kilikuwa kinaendelea vizuri sana.

Ndipo ikatangazwa kwamba makumbusho yafunguliwe Desemba, maana kuna wageni wanatoka Nairobi. Madam Deepika akawa anapiga simu kila baada ya siku moja. Mzee Harnam akaniambia niwaache wafungue, niwape msumari mtupu ukutani na karatasi ya kusema kipande kiko njiani, mti uliosimama miaka themanini hauwezi kushindwa kungoja mwaka mmoja. Mimi na jina langu kwenye karatasi nikakataa. Nilikwangua samadi, nikakisimamisha kipande kando ya lile jiko letu la kuchomea maranda. Siku tatu tu, nilijiambia. Siku ya pili nilikuwa nje nakunywa chai nikasikia mlio, kama mtu amepiga mabati kwa rungu. Nilipoingia nilikuta kimefunguka kutoka ganda hadi moyoni. Mkono wangu uliingia ndani ya ule ufa, vidole vyote.

Nilikifunika kwa gunia. Nilikaa pale chini, maana kilikuwa kimoja, gogo lililobaki wakubwa walikuwa wameshaligawa, likapasuliwa viti vya ofisi. Mji wa watu wengi hivi, na mti wao mmoja, na mimi ndiye niliyeuharibu kwa ajili ya sifa.

Lakini wiki moja baadaye, Mama, nilipeleka makumbusho kipande kizima, laini, cha mukomari uliokauka kabisa, hakina ufa hata wa unywele. Najua unauliza kilitoka wapi. Naomba ungoje, nitasema.

Kilitundikwa ukutani. Madam Deepika alikipima akaona kimepungua, maana ule wa mji ulikuwa na upana wa karibu futi tatu na hiki ni mbili na nusu. Nikamwambia mbao ikikauka hunywea. Hilo ni kweli, hunywea, lakini haijanywea hivyo tangu dunia iumbwe. Akahesabu miviringo ya ndani, ile ambayo mti huongeza kila mwaka, akapata karibu hamsini badala ya themanini. Nikamwambia miti yetu haihesabiki vizuri kwa sababu ya mvua. Alinitazama sana, halafu akaamua kugawanya tu: pini hapa, pini pale. Pini ya Uhuru imesimama mahali ambapo nikihesabu sawasawa ni mwaka aliozaliwa Joy. Samahani, Joy, lakini umekuwa sikukuu ya taifa kwa miezi sita na hukujua.

Watu walikuja kwa wingi. Wanafunzi walipangwa mstari, kila mmoja akagusa. Maharusi walipiga picha pale. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi relini aliinamisha pua akanusa, akasema kwa machozi kwamba ni wenyewe, hiyo harufu angeijua hata akiwa kipofu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilitaka ardhi initafune.

Na kuna doa. Karibu na ukingo kuna doa jeusi lenye ubuluu, kama la chuma kilichooza ndani ya mti. Madam Deepika aliandika chini yake kibao kidogo kwamba huenda ni msumari wa waya wa simu wa wakati wa mkoloni. Kila nikipita nasoma hicho kibao. Mama, wewe unajua chuma hicho ni cha nini. Ni ile pete ambayo Baba aliipigilia ili amfunge yule fahali wake mkorofi, na mti ukaimeza.

Ndiyo. Ni mukomari wetu. Kipande kinachoitwa mti wa mji wa Kitale nilikikata kutoka kwenye gogo lako.

Joy, usisimame. Endelea.

Na si kipande tu. Gogo likikaa miaka vichwa vyake hupata nyufa ndogondogo, kwa hiyo ilinibidi kutupa futi moja na nusu ndipo nifike mahali safi, halafu nikakata kipande chenyewe. Jumla zimeenda futi mbili. Zimebaki tano. Nawe unajijua, kwenye mlango wa kanisa pale Ndalu lazima uiname ukiingia. Hakuna mbao nzima ya kukutosha katika gogo hilo tena. Naweza kuunga, na kiungo changu mtu hatakiona asipoonyeshwa, lakini wewe utakijua, nami nitakijua. Ahadi niliyokupa nimeivunja, na nimekaa nayo tangu Novemba. Sikukuu ya Krismasi uliniuliza gogo linaendeleaje, nikakujibu linakauka vizuri, na nikaongezwa nyama.

Ujumbe wako ulipofika niliona siwezi tena. Jana nilimwendea Madam Deepika kabla hajafungua mlango, nikamweleza yote tukiwa tumesimama. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alienda ukutani akaanza kuchomoa pini moja moja, akaziweka kwenye kikombe, na alipofika kwenye ile ya Uhuru akaniuliza kama najua ni watoto wangapi wameandika insha juu ya kipande hicho. Sikujua. Akauliza kile kilichopasuka kiko wapi. Nilimwambia kiko chini ya meza yangu, bado kimefunikwa. Akaamuru nikilete kama kilivyo, na ufa wake, na nisikisugue. Atakitundika hicho, na ataandika kilivyopasuka na nani aliyekipasua, jina kamili. Mzee yule wa reli atatumiwa ujumbe aje anuse tena, nimeomba siku hiyo nisiwepo. Kamati itaniandikia barua, na sitajitetea. Kipande cha Baba nimerudishiwa, kiko hapa ndani ya gunia safi.

Mama, ningetamani kuishia hapo. Ungekasirika, ungesema nimekuwa mjinga tangu utotoni, na baada ya mwezi ungenisamehe. Lakini nimeapa barua hii iwe na kila kitu.

Siku ile kipande kilipopasuka Mzee Harnam alinikuta nimekaa chini, akafunua gunia, akaona. Hakunigombeza. Nilipomwambia nawaza kupeleka kipande cha mti mwingine, alinionyesha gogo lake mwenyewe la mukomari, pana kuliko letu, limekauka miaka minane, aliloliweka kwa ajili ya kabati la arusi ya mjukuu wake Manisha. Aliniambia kudanganya ni vibaya, lakini kama nimeshaamua kudanganya, basi nidanganye kwa mti wake, nisidanganye kwa mti wa baba yangu. Alinipa ruhusa, Mama. Gogo lilikuwa pale, hatua sita kutoka kwa msumeno.

Nilimngoja aende kula. Nikachukua futikamba nikapima gogo lako, futi saba. Nikapima kutoka mwisho mmoja, nikaweka alama ya futi tano. Najua urefu wako, ni mimi niliyekutengenezea kitanda. Nilijua kabisa ninachokifanya. Nikawasha mashine nikakata, na gogo lilipoanguka vipande viwili nilihisi raha ambayo sijaihisi tangu Baba afe. Nililia pale na maranda puani, lakini ilikuwa raha.

Kwa sababu kwa miaka sita nimekuwa nikifungua karakana kila asubuhi na kitu cha kwanza kunitazama ni hilo gogo. Wewe unaliita nyumba yako, unauliza hali yake ukicheka, na akina mama wenzako wanakusifu ati umejipanga. Mimi sicheki. Mimi ndiye nitakayelipasua. Mimi ndiye nitakayepiga randa, nilale ndani kidogo kupima mabega, kama tunavyofanya kwa wateja. Nimetengeneza majeneza ya watu wengi na sijawahi kutetemeka, hata la mtoto wa jirani nililitengeneza nikiwa nimekaza meno. Lako siliwezi. Nilitaka lisiwezekane, ndiyo maana nililikata fupi, na mti wa mji ulinipa tu sababu ya kumwambia kila mtu, na ya kujiambia mimi mwenyewe.

Sijui kama hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Mzee Harnam nilimweleza leo, akasema nikuandikie wewe, yeye si mama yangu.

Jumamosi nitakuja na basi la kwanza la asubuhi. Nitaleta kipande cha duara, ukishike, ukione chuma cha fahali. Futi tano zilizobaki zinatosha kiti kizuri, cha mgongo mrefu na mikono mipana, cha kuota jua. Hicho naweza kukianza kesho na mikono yangu haitatetemeka. Lakini mbao ni zako, na mti ni wa mume wako, na neno lako kwangu halijapungua hata kidogo. Ukitaka niunge, nitaunga. Ukitaka nitafute mukomari mwingine wa futi saba, nitautafuta hadi Lwakhakha kule mpakani. Ninachoomba ni kimoja tu: usinitumie ujumbe. Tuketi, unitazame machoni, uniambie mwenyewe, “Mukhisa, nitengenezee.” Ukiweza kusema hivyo ukinitazama, nitatengeneza.

Nisalimie Joy na asante kwa kusoma, kama bado anasoma. Salamu kwa pasta, kwa akina mama wa Jumatano, na kwa kuku pia, maana sasa nina habari zao zote. Meza dawa. Mungu akulinde mpaka tuonane, na baada ya hapo aendelee tu, asichoke.

Ni mimi mwanao,
Mukhisa